Mpelelezi Chipukizi na Muuaji wa Mfululizo: Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili Ikisomwa kutoka Pwani ya Kilwa na Lindi

Mpelelezi wa kwanza mashuhuri wa riwaya ya Kiswahili hakuwahi kuwa mwanafunzi. Msomaji anapokutana na Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, tayari ana kiko chake, ana sifa iliyomtangulia, na ana rafiki, Najum, wa kumsikiliza na kumstaajabia. Namna alivyoipata kazi hiyo si sehemu ya kisa. Muuaji naye, katika riwaya hizo, kwa kawaida ana jambo linalomfunga na marehemu: mali, nasaba iliyofichwa, ndoa, wivu. Akishapatikana, mauaji yamekwisha.

Makala hii inahusu umbo ambalo utanzu huu umelipita kando: askari mpya, asiye na jina bado katika kazi, anayemsaka yule anayeua tena na tena. Umbo hilo limetamba kwingineko. Mfano unaojulikana zaidi ni riwaya ya Thomas Harris, The Silence of the Lambs (1988), ambamo Clarice Starling anatumwa kazini akiwa bado yumo chuoni, na filamu yake ya mwaka 1991 ililifikisha umbo hilo hadi katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki. Katika Kiswahili limebaki bila mwandishi mkubwa. Swali la kwa nini limebaki hivyo lingeweza kujibiwa kwa haraka kwa kusema kwamba muuaji wa mfululizo ni zao la miji ya Marekani na Ulaya. Jibu hilo ni jepesi mno. Linaporomoka mara tu swali linapopelekwa kusini mwa Tanzania, katika ukanda unaoanzia delta ya Rufiji, ukapita Kilwa, hadi Lindi. Huko mauaji ya mfululizo yamewahi kutokea, yamewahi kupelelezwa, na upelelezi wenyewe ukaleta hatari ya vifo vingine.

Hoja inayotetewa ni kwamba katika mazingira hayo ugeni wa mpelelezi katika kazi yake ndio kinga ya pekee aliyonayo mtu anayeshukiwa. Mpelelezi mjuzi wa mtindo wa Bwana Msa, pamoja na uzuri wake wote, angekuwa mtu wa hatari Lindi.

Najum hahitimu

Imezoeleka kuwalinganisha Msa na Najum na Sherlock Holmes na Watson, na ulinganisho huo una ukweli wake. Kinachosahaulika ni udongo ambamo Abdulla aliupandikiza uhusiano huo. Katika desturi ya mwambao mjuzi hukaa barazani na mdogo hukaa ubavuni pake. Elimu huja kwa kusikiliza, na swali la mdogo lina adabu na lina wakati wake. Najum yumo katika nafasi hiyo hasa. Huona karibu yote anayoyaona Msa, ila hajui kuyasoma, na ni kwa kupitia kutojua kwake msomaji hupata haki ya kuelezwa. Tangu riwaya ya kwanza, kupitia Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), mfululizo unamtaka abaki alipo. Mwanafunzi akifuzu, baraza linavunjika.

Inspekta Seif naye, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya serikali, amewekwa pembeni kwa namna ambayo wahakiki wameichukulia kama kichekesho tu. Iko zaidi ya hapo. Katika Unguja ya ukoloni Abdulla aliukabidhi ukweli kwa raia anayewajua watu, akamwachia polisi pingu. Ujuzi wa Msa ni ujuzi wa jamii: nani alimwoa nani, nani alilelewa wapi, neno gani lilitamkwa kwa lafudhi ipi. Mtu haupati ujuzi wa namna hiyo kwa miezi kadhaa ya mafunzo katika Shule ya Polisi Moshi. Huupata kwa kuishi na kuzeeka. Ndiyo maana mpelelezi chipukizi hakuwa na mlango wa kuingilia katika utanzu huu ulipokuwa ukijengwa. Kosa la Bwana Msa (1984) linaweka kosa la mjuzi katika jina lake lenyewe, jambo ambalo kwa mfululizo wa aina hii ni la ujasiri, lakini hata hapo kosa ni la bwana, na halimpandishi mdogo cheo.

Waandishi wa bara waliofuata walibadili mji, mavazi na kasi, lakini umri wa kiufundi wa mpelelezi haukushuka. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliuleta upelelezi Dar es Salaam na kumweka mbele mtu wa serikali, Inspekta Wingo. Cheo chake kinaonyesha kwamba ngazi za chini amekwishazipanda. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), ni jasusi aliyekamilika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa hana haja ya kufundishwa chochote na Inspekta Kombora. Mara nyingi mambo ni kinyume chake. Fasihi pendwa ya miaka ya 1970 na 1980 iliwahudumia vijana wa mjini waliotaka kumwona mtu anayeweza. Mtu anayejaribu, anayeandika vibaya jalada lake la kwanza, anayekemewa na mkuu wa kituo, hakuwa na soko.

Neno "tena"

Mtobwa ndiye aliyekaribia zaidi upande wa pili wa umbo hili, yaani muuaji anayerudia. Jina la riwaya yake Najisikia Kuua Tena linastahili kusomwa polepole. Linampa muuaji nafsi ya kwanza, na linauweka uzito wote katika neno la mwisho. "Tena" ni neno la kawaida sana katika Kiswahili, la mtu anayeongezwa chai. Likikaa baada ya "kuua" linakuwa la kutisha, kwa kuwa linatoa habari ambayo msomaji hakuiomba: kwamba imekwishatokea, na kwamba mtendaji amelizoea jambo lenyewe.

Ugumu wa kurudia ni ugumu wa sababu. Riwaya ya Bwana Msa huendeshwa na swali "ana kisa gani naye?" Swali hilo linadhania kwamba kati ya muuaji na marehemu pana njia, na kazi ya mpelelezi ni kuifukua. Muuaji wa mfululizo, kama anavyochorwa na Harris na wafuasi wake, hana kisa na marehemu hata mmoja. Kisa chake ni na nafsi yake. Jamii ya Kiswahili ya riwaya hizi haina mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo. Inapokosa kisa kati ya watu wawili hutafuta mtu wa tatu, yule aliyetuma. Hapo ndipo uchawi unapoingia katika upelelezi, ukiwa nadharia kamili ya sababu na wala si pambo la kienyeji: kila kifo kina mwenyewe.

Jambo jingine, la kisarufi, halijapewa uzito na wahakiki wa utanzu huu. Kiswahili humficha muuaji kwa urahisi ambao Kiingereza hakina. Kiambishi nafsi "a-" humhusu mwanamume, mwanamke, mtoto, simba na fisi bila kubagua, kwa kuwa wote ni viumbe hai. Sentensi "ameua wawili usiku wa jana" haimwambii msikilizaji jinsia ya muuaji, wala haimwambii kama ni mtu. Kiambishi cha mazoea "hu-" huenda mbali zaidi: katika "huua wakati wa mavuno" nafsi yenyewe imetoweka, kimebaki kitendo na msimu wake. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuuficha utambulisho wa muuaji kwa sura kumi hulazimika kukwepakwepa kila mara anapofika kwenye kiwakilishi. Wa Kiswahili anaweza kuandika riwaya nzima bila kudanganya hata mara moja. Ni rasilimali kubwa kwa kisa cha mauaji ya mfululizo, na umuhimu wake unaonekana wazi zaidi katika pwani ya kusini, ambako swali "ni mtu au si mtu?" limekuwa swali la polisi, la kijiji na la watafiti wa wanyamapori kwa wakati mmoja.

Muuaji wa Rufiji, na wa Lindi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Sehemu kubwa ya mashambulizi ilitokea kusini mwa nchi, na yalizidi wakati wa mavuno, kuanzia Machi hadi Mei. Maelezo ya watafiti hao yana mantiki inayofanana na ya riwaya nzuri ya upelelezi. Mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamepungua, nguruwe mwitu wamebaki. Nguruwe huingia mashambani usiku, na mkulima huhama nyumbani akalale shambani, katika dungu lisilo na ukuta wa maana, kulinda mazao yake. Simba humfuata nguruwe, na humkuta mkulima. Kila kiungo cha mnyororo huo kina sababu, na hakuna kiungo chenye chuki.

Kaskazini ya Kilwa, katika Rufiji, simba mmoja aliua watu wasiopungua 34 kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, alipouawa. Alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Kwa mhakiki wa fasihi, jipu hilo ni jambo la kusimama nalo. Riwaya ya muuaji wa mfululizo huishia karibu kila mara kwa jeraha la zamani: utoto ulioharibika, mama mkatili, aibu. Rufiji nayo iliishia kwa jeraha, lakini la jino. Wanaodai kwamba umbo hili halina mwenzake Afrika Mashariki hawajalifikiria jino hilo.

Vijijini maelezo yalikuwa mengine. Katika ukanda wote huu, na kuvuka mto Ruvuma hadi nyanda za Wamakonde wa Msumbiji, simba anayechagua watu huonekana kuwa si simba wa porini. Ni simba wa kutumwa, au mtu aliyejigeuza. Huko Muidumbe, kaskazini mwa Msumbiji, mashambulizi ya simba ya mwaka 2002 na 2003 yalifuatiwa na kuuawa kwa watu walioshukiwa kuwatengeneza simba hao. Hivyo palikuwa na mifululizo miwili ya vifo, wa kwanza ukiwa na meno na wa pili ukiwa na ushahidi wa ramli.

Hapa riwaya ya Abdulla inapata mtihani ambao haikuandikiwa. Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi zinakwenda kwa kanuni moja: mahali watu wanapoona mzimu au wachawi, Msa huona mkono wa binadamu mwenye siri. Zimesomwa, na kwa haki, kama riwaya za akili zinazopinga ushirikina. Kanuni yake ni "nyuma ya kisichoonekana yupo mtu." Lakini ndivyo asemavyo pia mpiga ramli wa Lindi. Naye anakataa kwamba mnyama ni mnyama tu. Naye anashikilia kwamba nyuma ya meno yupo jirani mwenye kisa. Bwana Msa na mganga wanaafikiana juu ya jambo la msingi: kifo hakikosi mwenyewe. Wanatofautiana katika njia ya kumtafuta. Mjini Unguja, penye urithi na nasaba, kanuni hiyo humfichua mkosaji. Shambani Lindi, penye nguruwe na ufuta unaokaribia kuvunwa, kanuni hiyohiyo humfikisha mzee asiye na hatia mbele ya watu wenye mapanga.

Kanuni hiyo haistahili kutupwa yote. Singida, katika miaka ya 1940, mambo yalikuwa kinyume chake. Vifo vilivyodhaniwa kuwa kazi ya simba vilibainika kuwa mauaji yaliyofanywa na watu waliotumia ngozi na makucha kujifanya simba, na baadhi ya waliohusika walihukumiwa na kunyongwa. Huko Msa angekuwa sahihi kabisa. Singida walimsingizia mnyama, ilhali kusini walimsingizia mtu. Kutoka nje, mwili mmoja uliokutwa kando ya dungu unafanana na mwingine, na sarufi, kama ilivyoonyeshwa, haisaidii: "ameua." Mpelelezi anayefika na jibu la Singida mfukoni atakosea Lindi, na anayefika na la Lindi atakosea Singida. Anayefaa ni yule asiye na jibu bado.

Unyayo na jalada

Mwanahistoria Carlo Ginzburg, katika insha yake ya mwaka 1979 kuhusu dalili, aliifungamanisha elimu ya mpelelezi na elimu kongwe zaidi ya mwindaji, ambaye kutokana na unyayo, kinyesi na jani lililovunjika huunda upya kisa cha mnyama asiyemwona. Hoja hiyo imekuwa ikinukuliwa kama tashbiha nzuri. Pwani ya kusini inairudisha kwenye maana yake ya moja kwa moja. Mpelelezi wa huko anapaswa kujua kusoma unyayo wa simba kabla ya kusoma uso wa mshukiwa, na wanaojua kuusoma si maafisa wenzake. Ni askari wa wanyamapori, wawindaji wazee, na wanawake wanaokwenda kisimani alfajiri, ambao hujua njia ipi ilikuwa safi jana.

Askari mpya ana nafasi hapa ambayo inspekta hana. Anaweza kuuliza. Katika adabu ya pwani swali la kijana kwa mzee halimvunjii mzee heshima: "Shikamoo babu, naomba unifundishe, huyu alipita saa ngapi?" Swali hilohilo likitoka kwa mkubwa wa polisi huwa hojaji, na mwenye kuhojiwa hujilinda. Kutojua kwa askari mpya ni sifa ya kijamii inayofungua milango, kama utu uzima wa Msa ulivyofungua milango ya Unguja. Riwaya ya mpelelezi chipukizi kwa hiyo haitakuwa nakala ya Starling. Starling ni mgeni kwa sababu ni mwanamke katika idara ya wanaume na mwanafunzi katika kazi ya mabingwa, na elimu anayoihitaji inashikwa na mfungwa mmoja aliyefungiwa. Mwenzake wa Lindi atakuta elimu imesambaa kijijini kote, kila mmoja akiwa na kipande, na vipande vingine vina sumu.

Pamoja na adabu liko suala la muda, na huenda kwa mtunzi wa kisa cha kusisimua ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri aliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na msimu wa mvua ulikuwa na neno la mwisho. Kielelezo kinachohitaji maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kina safari yake, na majibu yana safari ya kurudi. Ramli haina safari. Jibu lake hutoka jioni hiyohiyo. Kwa hiyo jalada la polisi na hukumu ya kijiji vinashindana mbio, na hukumu imetangulia tangu kifo cha kwanza. Riwaya ya kusisimua ya Magharibi hupata mvutano wake kwa kuuliza kama mpelelezi atamfikia muuaji kabla hajaua tena. Riwaya ya Lindi ingekuwa na saa mbili zinazogonga: moja ya muuaji, nyingine ya umma unaokaribia kumuua mtu ambaye hakuua. Askari akizikimbilia zote mbili, ataichelewa mojawapo.

Sheria yenyewe haimsaidii kama inavyodhaniwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, inamwadhibu anayejidai kuwa mchawi na anayemtaja mwenziwe kuwa mchawi. Papo hapo inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa kuhamia mahali maalumu. Katika kisa chenye mpelelezi mwangalifu, kifungu hicho kingekuwa kishawishi. Kumhamisha mzee ni kumwokoa usiku huo, na pia ni kutia muhuri wa serikali juu ya tuhuma. Mwandishi yeyote anayetafuta uamuzi mgumu wa kumpa shujaa wake hana haja ya kubuni. Upo katika kitabu cha sheria.

Kilwa kama pambo, na Kilwa kama kumbukumbu

Kipo kishawishi kingine, cha mandhari. Kilwa Kisiwani ina Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, Songo Mnara ina kuta zake za matumbawe, na tangu mwaka 1981 magofu hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni rahisi mno kumlaza maiti wa kwanza ndani ya Husuni Kubwa, mwezi ukiwa juu na popo wakiruka. Msomaji wa fasihi pendwa angefurahi, na mauzo yangekuwa mazuri. Lakini magofu yakitumiwa hivyo hurudishwa kuwa mzimu wa watu wa kale kwa maana ile ile ambayo Abdulla alikwishaimaliza mwaka 1960. Magofu hayatishi. Wakazi wa kisiwa hupita kando yake kila siku wakienda kwenye shughuli zao.

Kinachotisha Kilwa kwa mpelelezi wa serikali kiko ng'ambo, bara, katika mji wa Kilwa Kivinje, nacho ni Mwembe Kinyonga. Jina linatosha. Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya Kilwa Kivinje mwaka 1895, na miaka kumi baadaye Majimaji ilipoanza katika vilima vya Wamatumbi, Kinjekitile Ngwale alinyongwa Mohoro, Agosti 1905, katika siku za mwanzo kabisa za vita. Serikali ile nayo ilikuwa ikifanya upelelezi wa aina yake. Iliamini kwamba nyuma ya vuguvugu la watu wengi yupo mtu mmoja aliyetuma, kwamba akipatikana na kunyongwa mambo yatatulia. Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Fasihi ya eneo hili imeyahifadhi mambo hayo kwa muda mrefu, tangu utenzi wa Majimaji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi hadi tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), ambayo kiini chake ni mashaka ya mtu aliyefanywa kuwa mwenye neno ambalo limekwishamtoka mikononi.

Askari mpya anayepangiwa kituo cha Kilwa anavaa sare juu ya kumbukumbu hizo, ajue asijue. Hii ndiyo sababu ya pili ya kutaka awe mpya. Inspekta wa riwaya za miaka ya 1970 aliandikwa kama mwakilishi wa dola iliyojikomboa, na mwandishi hakuona haja ya kumuuliza alirithi nini. Chipukizi anaweza kuonyeshwa akijifunza, pamoja na namna ya kuandika maelezo ya shahidi, kwa nini shahidi huyo mwenye umri wa miaka themanini anakataa kuweka dole gumba kwenye karatasi.

Tatizo la mwisho wa kisa

Linabaki tatizo la kiufundi ambalo huenda ndilo limewazuia waandishi wenye kipaji kuligusa suala hili. Tzvetan Todorov alionyesha kwamba riwaya ya upelelezi ina visa viwili, kisa cha uhalifu na kisa cha uchunguzi, na kwamba cha pili hukamilika kinapokifikia cha kwanza na kukisimulia. Katika riwaya za Bwana Msa makutano hayo ni maneno: Msa hufafanua, wenzake husikiliza, mkosaji husikia kisa chake kikisimuliwa na mtu mwingine. Iwapo muuaji ni simba, hakuna wa kusikia. Hakuna kukiri, hakuna mahakama, wala uso unaobadilika rangi. Bunduki ya askari wa wanyamapori inalia kichakani, na msomaji aliyesubiri kurasa mia mbili anapewa mzoga.

Njia rahisi ya kukwepa ni kumwingiza, katika sura ya mwisho, mtu mwovu aliyekuwa akijificha nyuma ya simba, mfanyabiashara wa ngozi kwa mfano, au mwenye tamaa ya ardhi. Riwaya za mfululizo zinazochapwa magazetini kipande kwa kipande, ambazo hulazimika kumpa msomaji mshangao kila wiki, zingefanya hivyo bila kusita. Kufanya hivyo kungekuwa ni kumrudishia mpiga ramli ushindi wake kwa jina la burudani, kwa kuwa hata hapo ingethibitika kwamba nyuma ya meno alikuwapo mtu.

Njia ngumu zaidi ni kukihamisha kisa cha uhalifu chenyewe. Ikiwa makosa ya jinai yaliyotendeka kijijini ni yale yaliyotendwa na umma dhidi ya mtuhumiwa, basi uchunguzi una wahusika wa kutosha wa kusikia ufafanuzi: waliokuwapo, waliobeba kuni, waliofunga milango wakanyamaza. Wote wanajulikana kwa majina. Baadhi yao ndio hao hao waliomfundisha askari kusoma unyayo. Jalada la simba litafungwa kwa sentensi moja na picha ya fuvu lenye jino bovu. Jalada la pili litakuwa na mashahidi wengi kuliko yeyote aliye tayari kutoa ushahidi, na juu ya jalada hilo, kwa mwandiko wa askari aliyekaa kazini mwaka mmoja tu, kutakuwa na jina la mzee mmoja, mbele ya neno "marehemu," mahali ambapo kijiji kizima kilikuwa kimemzoesha kuandika "mshukiwa."